Ukitaka kumtambua mchoraji wa kisasa wa Kizungu, anzia pembeni mwa picha (uzoefu wa fundi fremu)

#1 Fundi Fremu (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mimi ni fundi fremu hapa Dar. Nakata ubao, nakata kioo, napiga misumari, nakabidhi kazi. Picha nyingi zinazopita mikononi mwangu ni za harusi, mahafali na Ayatul Kursiy. Ila mara mojamoja huja mteja na bango alilonunua kwenye makumbusho ya Ulaya au Marekani, limeviringishwa ndani ya bomba la karatasi. Uzi huu ulianzia hapo.

Miaka kumi na kitu iliyopita mzee mmoja aliniletea nakala ya picha ya Mondrian, mchoraji wa Kiholanzi. Zile za mistari myeusi iliyonyooka, vyumba vyeupe, na vyumba viwili vitatu vya nyekundu, bluu na njano. Nikaitandika mezani nikaona kasoro: mistari kadhaa ilikuwa inaishia njiani, kama sentimita moja kabla ya kufika mwisho wa picha. Nikajisemea mashine ya kuchapa ilikosea. Nikashika kisu na rula ya chuma, nikapunguza pembeni mpaka mistari yote ikagusa fremu. Nikajipongeza kabisa. Mzee alipokuja aliiangalia kwa muda, kisha akaniuliza kwa upole, "Na ile sentimita umeipeleka wapi?" Nikamwonyesha ndoo ya taka.

Hakunigombeza. Alivuta kigoda akakaa, akanieleza kwamba mistari ile ilikomea njiani kwa makusudi. Mstari ukifika hadi ukingoni, jicho linadhani picha ni dirisha na mambo yanaendelea huko nje. Ukikoma kabla, mchoro unajifunga wenyewe, unakuwa kitu kamili kama meza au sahani. Mondrian alikuwa akilijaribu hilo miaka ya 1920 na 1921, na mimi nikamrekebishia kwa kisu cha shilingi mia tano.

Toka siku hiyo picha yoyote ikija sianzi katikati. Naanza pembeni, halafu naangalia mipaka ya vitu ndani ya picha: rangi hii inakutanaje na ile? Wengi wetu tumezoea kutambua kwa kilichochorwa. Maua ya maji, basi Monet. Alizeti, Van Gogh. Saa zilizolegea kama chapati mbichi, Dalí. Njia hiyo inakwama siku Van Gogh anapochora viatu vilivyochakaa, na alivichora kweli.

Nashusha kwa vipande, nikipata mteja nitanyamaza kidogo.

#2 Dogo Tabata

Nimekaa siti ya mbele na karanga zangu. Shusha mkuu.

#3 Fundi Fremu

Tuanze na Paris. Zamani kidogo, njia ya mchoraji kula ilikuwa moja: apeleke kazi kwenye maonyesho makubwa ya kila mwaka, jopo la wakubwa liikubali, itundikwe ndani ya fremu ya dhahabu. Rangi laini, alama za brashi zimefutwa, katikati kuna mfalme au malaika, pembeni kumepangwa vizuri ili jicho lisitoroke.

Mwezi Aprili 1874 kundi la waliochoka na jopo hilo walifungua maonyesho yao kwenye studio ya zamani ya mpiga picha Nadar. Humo kulikuwa na mchoro wa Claude Monet wa bandari ya Le Havre alfajiri, jua jekundu kama kitufe, maji ya kijivu. Alikuwa ameuita "Impreshoni, Jua Linachomoza". Mwandishi wa gazeti, Louis Leroy, akaichukua ile "impreshoni" akawatania nayo. Jina likaganda, wakawa Waimpreshoni. Walifanya maonyesho nane hadi 1886, na ni Camille Pissarro peke yake aliyeshiriki yote nane.

Alama zao? Moja, kivuli si cheusi. Angalia kivuli cha mti kwenye theluji ya Monet, utakuta bluu na zambarau. Mbili, mpaka kati ya kitu na kitu haupo. Jani linaishia wapi na maji yanaanzia wapi, hujui, kwa sababu vyote vimewekwa kwa miguso ileile mifupi ya brashi. Na kuna sababu ya kawaida kabisa iliyowawezesha kutoka nje kuchora kwa haraka: mwaka 1841 Mmarekani John Goffe Rand alibuni tyubu ya bati ya kuwekea rangi. Kabla ya hapo rangi ya mafuta ilihifadhiwa kwenye kibofu cha nguruwe, unatoboa, unakamua, kisha unahangaika kukiziba. Jaribu kubeba vibofu hivyo kwenda mtoni.

Tatu, na hapa ndipo fundi fremu anapoamka: wanakata watu. Mtafute Edgar Degas, picha ya uwanja wa Concorde ya 1875. Bwana mmoja anatembea na wanawe wawili na mbwa, wote wamesukumwa upande mmoja, na kule kushoto kabisa amesimama mwanamume aliyekatwa wima, nusu yupo ndani, nusu hayupo. Katikati ya picha hakuna kitu, ni uwanja mtupu. Picha ya kamera hufanya hivyo kwa bahati mbaya, na picha za Wajapani zilizochapwa kwa vibao, ambazo Paris nzima ilikuwa ikizikusanya wakati huo, hufanya hivyo kwa makusudi. Degas alipenda vyote viwili. Ukiona wacheza baleti, mmoja amebaki mguu tu ukingoni, huyo ni yeye. Kuchora nje juani hakupenda kabisa, kwa hiyo msimtafute mashambani.

Na hawa ndio walioanza kuikataa fremu ya dhahabu. Degas na Pissarro walitia picha zao kwenye fremu nyeupe na za rangi. Leo mteja akiniambia "weka ya gold, ndiyo ya heshima" kwa picha ya Pissarro, namwekea, pesa ni yake, ila moyoni nacheka.

#4 Mama Kanga

Fundi, Monet na Manet ni mtu mmoja kakosewa spelingi?

#5 Fundi Fremu

Hapana mama yangu, ni wawili, na hata enzi zao walichanganywa. Édouard Manet ndiye mkubwa kwa umri. Yeye hakuwahi kuonyesha kazi na lile kundi, ingawa walimheshimu. Mtambue kwa nyeusi. Manet anaipenda nyeusi, anaipaka nzito kwenye makoti na riboni, na mwanga wake unapiga usoni bapa kama flashi, bila ile kahawia ya katikati inayouzungusha uso uwe wa mviringo. Mpaka wa kitu chake ni mkali. Monet aliipa nyeusi kisogo. Mkikuta picha ina mwanamke uchi ameketi msituni na wanaume waliovaa suti, wanakula, huyo ni Manet. Kashfa ilikuwa 1863.

#6 Fundi Fremu

Tuendelee. Georges Seurat. Huyu ndiye mchoraji wangu, nasema wazi, msinihesabu kuwa mwamuzi asiyependelea.

Kulikuwa na mkemia anaitwa Chevreul, msimamizi wa idara ya kutia rangi kwenye kiwanda cha mazulia cha Gobelins, Paris. Wafumaji walimlalamikia kwamba uzi mweusi umefifia. Akaupima uzi, hauna kasoro. Tatizo lilikuwa majirani zake: rangi iliyofumwa kando ndiyo iliyoifanya nyeusi ionekane dhaifu. Mama Kanga hapo juu analijua hili bila kitabu, anajua kanga ya njano ukiitundika kando ya zambarau inawaka, ukiitundika kando ya machungwa inasinyaa.

Seurat alilichukua jambo hilo akalifanya dini. Kuanzia 1884 hadi 1886 alichora watu wa Paris wakipumzika Jumapili kwenye kisiwa cha La Grande Jatte, turubai (kitambaa cha kuchorea) la mita 2 kwa 3, kwa vinukta. Bluu kando ya machungwa, nyekundu kando ya kijani, jicho lako ndilo linalochanganya ukirudi nyuma hatua kadhaa. Wengi wanaishia hapo, "yule wa nukta". Lakini nendeni ukingoni! Miaka michache baada ya kuimaliza, alilitoa turubai kwenye ubao wake, akalivuta upya apate nafasi pembeni, akazungushia mpaka mwembamba wa nukta: palipo na nyasi za kijani, mpaka unaelekea nyekundu, palipo na machungwa, unaelekea bluu. Mtu huyu hakumwamini fundi fremu yeyote duniani. Nje ya hapo akataka fremu nyeupe, basi. Alikufa 1891 akiwa na miaka 31. Picha ipo Chicago.

Van Gogh nitampitia haraka kwa sababu mnamjua. Yeye rangi inasimama. Weka taa pembeni mwa picha, si mbele, utaona matuta kama shamba la viazi, na kila tuta lina mwelekeo: anga linazunguka, mti wa mvinje unapanda, udongo unalala. Vitu vyake mara nyingi vina mstari mweusi au wa bluu unaovizunguka, na huo kajifunza kwa Wajapani. Gauguin, aliyekaa naye mji wa Arles kuanzia Oktoba hadi Desemba 1888 wakashindwana, naye ana mstari huohuo mzito, ila ndani ya mstari rangi yake ni tambarare, imetulia kama kitambaa kilichopigwa pasi. Matuta, Van Gogh. Pasi, Gauguin.

Cézanne ni kwa wenye subira. Tafuta picha yake ya kikapu cha tufaha, nayo ipo Chicago. Fuata ukingo wa mbele wa meza kuanzia kushoto. Unapita chini ya kitambaa cheupe. Ukitokea upande wa pili, haupo pale ulipotarajia, umeshuka au umepanda. Mara ya kwanza niliweka rula nikidhani nimeikunja nakala. Meza imeangaliwa kutoka sehemu mbili, zikaunganishwa chini ya kitambaa ambapo hakuna atakayeuliza. Mnaona tunakoelekea.

#7 Mpemba wa Bara

Tunaelekea kwa Picasso, aliyeiba vinyago vya babu zetu akapata mabilioni. Sema ukweli fundi, usizunguke.

#8 Fundi Fremu

Nakuja mkuu, nilikuwa na mteja. Kwanza Matisse, dakika mbili tu, kwa sababu kesi yenyewe inaanzia kwake.

Vuli ya 1905, Paris, chumba kimoja cha maonyesho kilijaa kazi za Henri Matisse, Derain, Vlaminck na wenzao. Uso wa mke wa Matisse una kijani na zambarau chini ya kofia kubwa. Mhakiki Louis Vauxcelles aliona humo sanamu moja ya mtindo wa zamani imezungukwa na rangi hizo, akasema ni kama Donatello, mchongaji wa kale wa Kitaliano, kati ya wanyama pori. Ndiyo maana wakaitwa Fovu, wanyama pori, na mtindo ukawa Fovizimu. Alama yao ni rangi isiyomtii mwenye nayo: pua kijani, mti mwekundu. Mpaka wa Matisse ni wa ajabu zaidi. Kwenye ile picha yake ya studio nyekundu ya 1911, kiti, meza na saa ndefu ya kusimama vimechorwa kwa mistari myembamba ya rangi hafifu. Ukiisogelea unagundua mistari haikuchorwa. Alipaka nyekundu kila mahali akaruka pale, rangi ya chini ikabaki inachungulia. Mstari ni mahali ambapo brashi haikupita.

Sasa kesi. Matisse alinunua Paris, mwaka 1906, sanamu ndogo ya Wavili wa Kongo, akamwonyesha Picasso. Mwaka uliofuata Picasso akaingia kwenye makumbusho ya Trocadéro, akakuta vinyago vya Afrika vimejazwa humo vikinuka vumbi. Mwaka huohuo wa 1907 alimaliza picha ya wanawake watano wa Avignon, wawili wa kulia wana nyuso zinazofanana na vinyago. Yeye mwenyewe baadaye kuna nyakati alikana habari ya Afrika katika picha hiyo. Kwa maoni yangu mwizi hakosi kukana. Lakini pia ukweli ni kwamba hakunakili kinyago. Alichochukua ni ruhusa, kwamba pua inaweza kuwa kabari na jicho likawa bomba, na bado ikawa uso. Wachongaji waliompa ruhusa hiyo majina yao hayakuandikwa popote kwenye lile kabati la kioo. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, si kwenye picha.

#9 Mpemba wa Bara

Hapo sawa. Umejibu.

#10 Fundi Fremu

Kubizimu sasa. Georges Braque alichora nyumba za kijiji cha L'Estaque mwaka 1908, na Vauxcelles yuleyule (huyu bwana alikuwa kiwanda cha majina) akasema Braque anageuza kila kitu vijiboksi, "cube" kwa Kifaransa, ndipo jina. Kati ya 1909 na 1912 Braque na Picasso walifanana mpaka mtu unachoka. Kahawia, kijivu, vipande kama kioo kilichodondoka, gitaa lipo mahali fulani humo. Waliacha hata kutia saini mbele, wakaiweka nyuma. Msisumbuke kuwatofautisha, hata mimi nageuza bango nisome maandishi.

Lakini wote wawili utawajua kwa ukingo. Katikati pamejaa vipande, ukisogea pembeni vinapungua, vinafifia, kona zinabaki karibu tupu. Kona ziliwasumbua kiasi kwamba mara nyingi walitumia turubai la duara la yai. Mwaka 1912 Picasso alichukua turubai la namna hiyo, akabandika kitambaa cha mpira kilichochapwa mfano wa kiti cha kusukwa, akachora glasi na herufi JOU juu yake, kisha akazungushia fremu. Fremu ya nini? Kamba. Kamba ya kawaida ya katani, kama ya kufungia mbuzi. Ningemlipa aniache niishike.

Na Braque alikuwa mtoto wa fundi rangi wa majumba, na yeye mwenyewe aliisomea kazi hiyo. Ule ujanja wa kupitisha kitana kwenye rangi mbichi ili ubao mbovu uonekane mninga, mafundi wetu wanaujua, ndio aliouingiza kwenye Kubizimu. Picasso alijifunza kwake. Sijawahi kusoma jambo lililonifurahisha kama hilo.

Wajerumani waliokuwa Dresden toka 1905, kundi lililojiita Daraja, akina Kirchner, walikuwa wanafunzi wa usanifu majengo. Watambue kwa pembe kali, nyuso za njano, watu wembamba kama misumari. Utawala wa Hitler ulitundika picha zao mwaka 1937 kwenye maonyesho ya Munich ya kuwadhihaki. Wataliano wa Futurizimu, wachora mwendo: mbwa mwenye miguu ishirini, maana anatembea. Mchoraji ni Balla, 1912. Basi.

#11 Dogo Tabata

Mkuu, bado wale wa kumwaga rangi. Ile hata mdogo wangu wa chekechea anaweza.

#12 Fundi Fremu

Mlete dukani na kopo la rangi, nitampa fremu ya bure.

Jackson Pollock, kuanzia 1947 hadi 1950, kwenye banda lake la Long Island. Alitandika turubai sakafuni bila ubao, akatumia rangi za kupakia nyumba, zile za kung'aa za dukani, ndugu za zile alizotumia Tingatinga wetu baadaye kwa sababu yake mwenyewe, ya umaskini. Akamwaga kwa fimbo na brashi zilizokauka. Angalia rangi inapofika pembeni. Mtoto akimwaga, rangi inarundikana katikati, kwa kuwa mkono wake ndiko unakofika. Kwa Pollock hakuna katikati. Mstari unakwenda karibu na ukingo, unapinda, unarudi ndani, kwenye turubai la zaidi ya mita 5. Wanaomwiga nimewaona wengi, kona huwaumbua.

Mark Rothko ni kinyume. Maboksi mawili matatu ya rangi yaliyopangana, mpaka wake una ukungu, kama doa la chai kwenye shuka. Rangi nyepesi tabaka juu ya tabaka. Hakutaka fremu wala kioo. Barnett Newman, mwaka 1948, alibandika tepu wima katikati ya turubai jekundu la kahawia, akapaka rangi ya machungwa juu ya tepu, akaiacha hapohapo. Mpaka ndio ukawa picha.

Nimemsahau Magritte, na yeye ndiye mtani wetu sisi mafundi. Picha yake ya 1933: dirisha, mbele ya dirisha kuna turubai juu ya kiegemeo cha mchoraji, na kilichochorwa kwenye turubai ni kile hasa kinachofichwa na turubai. Miti inaungana na miti. Usingejua turubai lipo, kama si pindo jeupe la upande wa kulia. Rangi yake yenyewe ni ya mchora mabango, haina ufundi wa kujionyesha, na ndivyo inavyotakiwa: uongo unasemwa kwa sauti ya kawaida. Dalí husema uongo kwa mkono wa sonara. Ile ya saa zilizolegea ni ndogo, sentimita 24 kwa 33. Watu huniletea nakala yake ya ukubwa wa mlango.

Andy Warhol, 1962, Los Angeles: turubai 32 za makopo ya supu, kila moja ladha yake, zikapangwa juu ya rafu nyembamba kama dukani. Hapo sina kazi. Mangi anatosha.

#13 Mama Kanga

Kinyozi wa mtaani kwetu ana picha ya maboksi mawili mekundu, moja juu ya lingine. Anasema ni bendera ya nchi fulani. Ni huyo Rothko?

#14 Fundi Fremu

Mipaka ya maboksi imenyooka au ina ukungu?

#15 Mama Kanga

Haionekani. Kioo kilipasuka, akazungushia selotepu pande zote nne.

#16 Fundi Fremu

Mwambie asiivute kwa nguvu. Achukue draya yake, aipulizie selotepu taratibu mpaka gundi ilegee, aanzie kona ya juu kushoto. Kisha unitumie picha ya pembeni tu, katikati niachie.